Uvimbe wa Taya Usiongoja Kesho

Likizo ya Agosti ikifika, wengi wenu hapa mjini huwapeleka watoto kwa nyanya zao mashambani, na miongoni mwenu wamo wenye kwao Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya ugonjwa usio mgeni huko, ingawa si wa kila siku: saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huanzia kwenye taya la mtoto. Jino hulegea bila sababu, shavu hufura. Huyu atasema ni jino bovu, yule atasema mtoto amerogwa. Wanapobishana, siku zinakwenda, na seli za saratani hii zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu!

Jina latokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akaona mwingine kama huyo huko Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakafunga safari ya majuma kumi, yapata kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakagundua kuwa ugonjwa huu hupenda nchi za joto na mvua. Huku kwetu karibu na ikweta, ni nadra kuuona penye mwinuko wa kupita mita 1,500 hivi. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134. Nairobi iko juu ya mpaka huo.

Kwa maneno mengine, ni ramani ya malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London, Epstein, Achong na Barr, walipata virusi ndani ya seli za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Uganda. Virusi hivyo karibu kila mtu anavyo, wewe na mimi pia. Vikikutana na malaria ya mara kwa mara katika miaka ya utoto, hapo hatari huzidi. (Usimfungie mtoto mjini kwa hofu, mbu wa likizo moja haleti saratani. Chandarua, hata hivyo, mfungie mkobani.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Saratani nyingine, kama ya titi, huanzia mahali seli zimezoea kutulia, na huchukua muda kujifunza kuingia kwenye damu. Hii ya Burkitt ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, na chembe hizo ni askari wa doria tangu kuumbwa. Njia wanazijua.

Tazama boti inavyofika gatini Kendu Bay. Hupunguza mwendo, hurushiwa kamba, hufungwa, ndipo abiria washuke. Askari wa damu hufanya vivyo hivyo. Seli zilizotandazwa ndani ya mshipa hutoa vishikizo. Askari hubingirika juu yake, hunaswa, kisha hujipenyeza katikati ya seli mbili akatokea upande wa pili. Seli ya limfoma hutumia kamba zile zile. Mlinzi amemfungulia mwizi aliyevaa sare!

Wala mshipa si barabara tu. Mwaka 2014 watafiti wa New York walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba seli za limfoma huzitumia seli za mshipa ishara fulani, nazo hujibu kwa ishara nyingine inayoifanya saratani iwe kali zaidi na sugu kwa dawa. Mwenyeji amegeuzwa mlezi.

Ndiyo maana kisu cha daktari hakitoshi. Uvimbe waweza kukatwa shavuni ilhali wenzake wamekwisha kuteremka kwenye uboho wa mifupa au katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Burkitt mwenyewe, mpasuaji, aliligeukia sindano la dawa, na watoto wakapona. Leo katika nchi tajiri hupona takriban tisa katika kila kumi. Kwetu ni wachache zaidi, na kuchelewa ni sababu moja kubwa.

Basi mwambie nyanya: jino linalolegea ovyo, shavu au tumbo linalofura kwa siku chache, jicho linalotokeza, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutoka Kendu Bay rufaa huwa Kisumu, kwenye Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia.

Na kuna mtego mmoja. Uvimbe huu hunywea upesi mno dawa ikianza, pengine kwa siku chache tu. Mtoto hucheka, hula, na mzazi aliyeacha biashara na watoto wengine nyumbani huanza kufunga virago. Seli zilizokwisha kushuka gatini hazionekani shavuni, na duru za dawa zilizobaki ndizo zinazozifuata huko.