Feri ya Likoni ni ya nani?

Mimi ni mkazi wa Likoni. Kila asubuhi nateremka rampu pamoja na mikokoteni ya ndizi, boda boda, wanafunzi na akina mama wenye ndoo za samaki, sote tukikimbilia feri ya kwenda kisiwani Mombasa. Feri ikipata hitilafu, umati hujaa hadi barabarani na lawama zote humwangukia mwakilishi wadi. Wetu ana jibu lake moja: "Ndugu yangu, feri si yetu, ni ya Nairobi."

Basi na aifungue Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, penye orodha ya kazi za kaunti. Baada ya barabara za kaunti, taa, maegesho na magari ya abiria, imeandikwa: feri na bandari. Serikali kuu imeachiwa kusimamia usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. (Bandari ya Kilindini ni ugomvi mkubwa zaidi, leo nauacha.) Feri ya Likoni ikitoka ng'ambo hutia nanga kisiwani, na pande zote mbili ni Kaunti ya Mombasa. Hata hivyo, mwaka 2021 huduma hiyo ilikabidhiwa Halmashauri ya Bandari, shirika la serikali kuu.

Katiba ilitaka kazi za kaunti zihamishwe kwa awamu, katika muda usiozidi miaka mitatu tangu uchaguzi wa Machi 2013. Muda huo ulikwisha zamani. Lakini Februari 2020, Gavana Mike Sonko wa Nairobi alipotia saini mkataba Ikulu, idara nne za kaunti yake, afya na uchukuzi zikiwemo, zilipelekwa serikali kuu. Madaraka yakipanda juu, kalamu moja yatosha. Yakiteremka, tunaambiwa mashauriano yanaendelea.

Wazee wa Pwani hawashangai. Majimbo ya 1963, serikali za mikoa zilizopiganiwa na Ronald Ngala na wenzake wa chama cha KADU, yalikuwa na nguvu katika maandishi. Kufikia mwisho wa 1964 yalikuwa yamezikwa, na Seneti ya wakati huo ikafuata.

Sisemi kaunti ni malaika. Anayekanyaga matope ya soko la Kongowea, lililo chini ya kaunti, wakati wa masika anajua ninachosema. Ila mwakilishi wadi akiniudhi, nitamng'oa kwa kura. Bodi ya bandari siipigii kura.

Halafu kuna fedha. Watembea kwa miguu huvuka bure, magari ndiyo hulipa, kwa hiyo kukabidhiwa feri bila bajeti ya mafuta na mafundi ni kukabidhiwa deni. Gavana na seneta wetu waidai feri pamoja na fedha zake. Wakizungushwa, Kifungu cha 163 kinairuhusu serikali ya kaunti kuomba ushauri wa Mahakama ya Juu. Waende wakauombe, kisha watuletee jibu Likoni.