Majibu ya vipimo vya ini: usisome namba moja ukaziacha nyingine



Ndugu wasomaji, wiki hii safu yetu inajibu barua ya dada mmoja. Anaeleza kwamba mumewe alikwenda kumtolea damu jamaa yake aliyelazwa. Damu hiyo ilipopimwa, akaambiwa kuwa ana virusi vya homa ya ini aina ya C, na kipimo cha pili kikathibitisha kwamba virusi vimo mwilini. Akapimwa ini, na katika karatasi ya majibu akaona ALT ni 36, ilhali kiwango cha kawaida kilichoandikwa pembeni ni hadi 40. Tangu siku hiyo mume anasema ini lake ni zima na haoni sababu ya kurudi hospitali. Kwa upande mwingine, mawifi na mashemeji wamemwagiza dada huyu amtengee mumewe sahani na kikombe. Anauliza: nimsikilize nani?

Dada yetu, katika mambo haya mawili usimsikilize mume wala ndugu zake. Mume amejipa matumaini kwa namba moja, na ndugu wamejitia khofu pasipo pa kuogopa. Tuanze na namba.

Vipimo vya virusi na vipimo vya ini

Vipimo vya homa ya ini C ni vya namna mbili, na watu wengi huvichanganya. Vya kwanza vinauliza: je, virusi vipo? Vya pili vinauliza: ini liko katika hali gani?

Katika kundi la kwanza kuna kipimo cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na virusi. Kingamwili zikionekana, maana yake mtu aliwahi kuambukizwa. Haina maana kwamba bado anaumwa. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa, kati ya 15 na 45 miili yao huviondoa virusi ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Ndiyo maana hufuata kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho kwenye karatasi huandikwa HCV RNA. Hicho ndicho kinachokata shauri. Mume wako amekwisha kupimwa na virusi vikaonekana. Kwa hiyo anahitaji tiba, hata kama namba nyingine zote zingekuwa nzuri. Fahamu pia kwamba wingi wa virusi hauoneshi ukubwa wa madhara: mwenye virusi vingi anaweza kuwa na ini laini, na mwenye virusi vichache akawa na ini lililojaa makovu.

ALT na AST

Hivi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya chembe hai za ini. Chembe zikijeruhiwa, huvuja na kuingia katika damu. Kwa hiyo ALT na AST hazipimi kazi ya ini, bali majeraha yanayotokea kwa wakati ule. ALT hutoka zaidi katika ini. AST hupatikana pia katika misuli, moyo na chembe nyekundu za damu, na hivyo mtu aliyebeba mizigo mizito jana yake anaweza kukuta AST imepanda bila ini kuhusika.

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Usemi huo ni wa kweli, lakini kutokuwepo kwa moshi si ushahidi kwamba hakuna moto. Homa ya ini C huunguza kama moto wa pumba, chini kwa chini. ALT ya mgonjwa huyu hupanda na kushuka. Mwezi huu inaweza kuwa 90, baada ya miezi mitatu ikawa 35, bila dawa na bila nafuu yoyote. Wapo wagonjwa ambao ALT yao hubaki katika kiwango cha kawaida kwa miaka, huku makovu yakiongezeka. Isitoshe, ini likishazeeka kwa makovu, ALT huweza kushuka na AST ikawa ndiyo kubwa kuliko mwenziwe. Anayeona ALT imeshuka akashangilia, huenda anashangilia jambo asilolijua.

Namba zinazopima kazi

Ini lina kazi nyingi, na baadhi hupimika. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. Kwa kawaida huwa kati ya gramu 35 na 50 katika lita moja ya damu. Ikishuka, miguu huweza kuvimba na tumbo kujaa maji. Bilirubini ni rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizokufa; ini huisafisha na kuitoa pamoja na nyongo. Ikirundikana, macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. INR hupima muda wa damu kuganda, kwa kuwa protini za kugandisha damu nazo hutengenezwa na ini. Kwa asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda, huwa karibu na 1.

Tahadhari moja kwa wafungaji: wapo watu wenye hali ya kuzaliwa nayo, isiyo na madhara, ambayo hufanya bilirubini ipande kidogo wanapokaa na njaa. Ukipimwa ukiwa umefunga, mwambie daktari.

Karatasi yenye albumini, bilirubini na INR nzuri inasema kwamba ini bado linamudu kazi. Haisemi kwamba halina makovu. Ini limejaaliwa akiba kubwa, na hubeba mzigo kimyakimya mpaka sehemu kubwa ya nguvu zake imekwisha.

Namba iliyosahauliwa

Dada yetu, ulifanya vyema kutunakilia karatasi yote. Pamoja na ALT 36, umeandika AST 66, albumini 40, bilirubini 15, INR 1.1, na katika picha kamili ya damu umeandika PLT 75. Hiyo PLT ndiyo iliyotufanya tuijibu barua yako mapema.

PLT ni chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu isitoke. Kwa kawaida maabara huandika kati ya 150 na 400 au 450. Zinahusianaje na ini? Damu itokayo matumboni hupita katika ini. Ini likiwa na makovu, njia huwa nyembamba, damu hurudi nyuma, na wengu, yaani bandama, huvimba. Wengu uliovimba huzizuia chembe sahani ndani yake, na idadi yake katika damu hupungua.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitunga hesabu iitwayo APRI, ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza mahali pasipo na mashine za gharama. Chukua AST, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa PLT. Tuchukulie kiwango cha juu ni 40. AST 66 ukiigawa kwa 40 unapata 1.65, ukizidisha kwa 100 ni 165, ukigawa kwa 75 unapata 2.2. Mtu mwingine mwenye AST hiyohiyo ya 66 lakini PLT 250 angepata 0.66. Jibu lililozidi 2 linaashiria kwamba huenda ini limefikia hatua ya sirosisi, yaani makovu yameenea ini zima. Jibu lililo chini ya 1 hulifanya jambo hilo liwe la mbali.

Hesabu hii haimhukumu mtu. PLT hushuka pia kwa malaria, kwa dengi na kwa sababu nyingine. Inachosema ni hiki: mumeo arudi hospitali wiki hii, asingoje mwezi ujao. Aende na karatasi yote, aombe kufanyiwa altrasaundi, na kama ipo, mashine ya kupima ugumu wa ini. Habari njema ni kwamba albumini, bilirubini na INR zake bado ziko sawa. Ikiwa makovu yapo, basi ini bado linamudu, na huu ndio wakati wa kutibu.

Tiba ipo

Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1989. Leo vipo vidonge, kama vile sofosbuvir na daclatasvir, ambavyo humezwa mara moja kwa siku, mara nyingi kwa wiki 12, na huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Kabla ya kuanza, mgonjwa apimwe pia homa ya ini aina ya B, kwa kuwa virusi vya B huweza kuamka wakati vya C vinapoondoka. Amtajie daktari kila dawa anayotumia, hasa za kifua kikuu, kifafa na moyo.

Tuwatazame ndugu zetu wa Misri. Katika miongo iliyofuata mwaka 1950, watu wengi huko walitibiwa kichocho kwa sindano zilizotumiwa tena bila kusafishwa ipasavyo, na homa ya ini C ikaenea. Mwaka 2008, takriban mtu mzima mmoja katika kila 10 alikuwa na virusi. Kuanzia 2018 serikali iliwapima karibu watu milioni 50 na kuwatibu waliokutwa navyo. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Wiki 12 baada ya kumaliza dawa hupimwa tena HCV RNA. Virusi visipoonekana, mtu amepona. Lakini kingamwili hubaki. Asije mtu akapimwa kingamwili mwaka ujao, ikaonekana, ikawa sababu ya ugomvi au talaka. Na mwenye sirosisi, hata akipona virusi, aendelee kufanyiwa altrasaundi kila miezi sita, kwa kuwa saratani ya ini huweza kujitokeza baadaye.

Nyumbani

Sasa turudi kwa mawifi na mashemeji. Homa ya ini C huenezwa kwa damu. Haienezwi kwa sahani, kikombe, kupeana mkono, kukumbatiana wala kula sinia moja. Kumtengea mtu chombo hakuikingi familia na chochote. Humvunja moyo tu. Kwa wanandoa, uwezekano wa kuambukizana kwa tendo la ndoa ni mdogo sana, lakini mke naye apimwe. Vya kutenganisha ni wembe, mswaki, mkasi wa kucha na sindano. Kwa wanaofanyiwa hijama, kutoboa masikio au kutahiri, kifaa cha kukatia kiwe kipya, kifunguliwe mbele ya macho yako. Sunna haibatiliki kwa usafi, bali hukamilika.

Wengine watamletea mizizi na unga wa kusafisha ini. Baadhi ya dawa hizo zenyewe huliumiza ini, na hakuna iliyothibitika kuviondoa virusi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni aziepuke, na paracetamol atumie kwa kipimo atakachopewa na daktari. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe, kwa kuwa sumu yake huleta saratani ya ini.

Kuhusu funga, kidonge cha mara moja kwa siku huweza kumezwa wakati wa futari au daku. Hata hivyo, mwenye ini lililochakaa amuulize daktari kwanza, kisha amuulize shekhe wake. Sheria imempa mgonjwa ruhusa, na kuikubali ruhusa ya Mola si udhaifu wa imani.

Dada yetu, mkalie mumeo mkiwa wawili, pasipo watoto wala mashemeji. Mwoneshe PLT, mfanyie hesabu tuliyoifanya hapa, kisha fuatana naye hospitali. Mtume (SAW) alitufundisha kumfunga ngamia ndipo tutawakali, na mwili ni amana ambayo kila mmoja wetu ataulizwa. Na waliokwisha kuijua siri hii katika ukoo, waisitiri.

Tunamuomba Allah (SW) amponye mumeo na awaponye wagonjwa wetu wote, ponyo lisiloacha maradhi nyuma yake. Aamin.

Wallahu a'alam.