Supape kwanza, moto mukali baadaye



Kila musimu wa ngazi tunasikia ombi moja: "Mututafutie jiko la petroli la pampu, dogo lakini lenye moto mukali, tupike ngazi na mvuke. Kuni ziko mbali sasa." Sababu yenu tunaikubali. Mvuke unatoa ngazi kwenye kishada bila shida na unazuia asidi kupanda mu mawese.

Jiko lenyewe si uchawi. Pampu inasukuma petroli, petroli inapita mu tiyo yenye moto, inageuka hewa, inatokea kwa tundu dogo sana na kuwaka rangi ya buluu. Moto ukiwa wa njano wenye moshi, musiongeze pampu: muzime, musafishe tundu, mupashe tiyo vizuri. Esansi musiitie humo hata siku moja.

Shida yetu iko kwa pipa. Tufanye hesabu. Lita 1 ya petroli, kama nusu tu ya moto wake inaingia mu maji, inageuza karibu lita 6 za maji kuwa mvuke. Na kila lita ya maji inatoa zaidi ya lita 1.600 za mvuke. Mvuke huo ukikosa njia, unajitafutia. Mufuniko wa pipa la lita 200, kwa presha ya bari 1 tu, unasukumwa na nguvu sawa na uzito wa tani 2 na nusu. Pipa halikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata fundi alisudee namna gani.

Ndiyo maana tunasema wazi: pesa ya kwanza ya kasa iende kwa usalama. Mukitumia pipa, liwe na tiyo pana ya kutolea mvuke, isiyo na robine. Mvuke wa digrii 100 unapika ngazi. Unaomba muda tu. Mukitaka presha, mununue mutambo wa mvuke uliopimwa, wenye supape, manometa na kioo cha kuonyesha maji. Jiko likuje mwisho.

Mutatuambia supape ni bei nguvu. Ni kweli. Lakini anayesimama pembeni ya pipa ni mama, mara nyingi na mutoto mugongoni. Basi mu mukutano ujao, mbele ya kuuliza bei ya jiko, muulizane: mvuke utatokea wapi?