Mizani Mpya ya Mwamanyili

Yapo maneno yasemwayo kila kompyuta inapotajwa pamoja na watu wa shamba, nayo yamezoeleka hata hayaulizwi tena: kwamba mashine ni njema, ila mtumiaji hana elimu. Mkulima akikosea namba katika simu, hana elimu. Bibi akiachwa njiani na menyu iliyojifunga kabla hajamaliza kusoma, hana elimu. Kosa ni la mtu daima, mashine haikosi. Maneno haya ni ya uvivu, na aghalabu wayasemao ni wale wale walioitengeneza mashine.

Itwaliwe Mwamanyili, kata ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba na ng'ombe. Mkono wa mtu wa huko hushika jembe tangu mvua za kwanza, hupalilia, kisha huchuma pamba tumba kwa tumba. Mwaka baada ya mwaka ngozi ya vidole husuguliwa, na mistari yake hufifia. Wataalamu wa alama za vidole walijua jambo hili zamani: kidole cha karani husomeka upesi kuliko cha mkulima. Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole; kikomo kikawekwa mwisho wa Desemba, halafu kikasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Shabaha ya kuzuia utapeli haina ubishi. Lakini ni nani aliyeketi na mpalizi wa pamba kabla kidole hakijachaguliwa kuwa ufunguo? Mashine ikikikataa, mwenyewe huambiwa afute mkono ajaribu tena. Bidii ya kazi imegeuka hitilafu.

Wako wadhanio kwamba tafsiri ndiyo tiba. Tafsiri ni njema, na wasomi wa Kiswahili wameitolea jasho, haitoshi. Simu ikimwarifu mtu wa Busega kwamba huduma itarejea saa 2:00, yeye husoma saa mbili asubuhi, jua limekwisha panda. Mashine imekusudia saa nane za usiku. Maneno yote ni ya Kiswahili, saa ndiyo ya kigeni. Aliyetafsiri alipewa orodha ya maneno, hakupewa mtu.

Elimu ya kumtazama mtu kwanza si ndoto. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni zake mwaka 1999, zikafanywa upya 2010 na tena 2019. Zinamtaka mtengenezaji awajue watumiaji, kazi yao na mahali waifanyiapo; awashirikishe toka mwanzo hata mwisho; ajaribu, asahihishe, ajaribu tena. Hujibiwa kwamba hayo ni ghali. Ghali kwa nani? Mwaka 2005 majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya kwa nia ya kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Watu wakaigeuza: wakatumiana fedha, wakaweka humo za safari zisiibiwe njiani. Watengenezaji hawakuwakemea kwamba hawana elimu. Waliwatazama, wakauweka mkopo kando, na Machi 2007 wakaanza kuuza huduma ya kutuma fedha nyumbani. Tanzania iliipata mwaka uliofuata. Hasara ya kumsikiliza mtu iko wapi hapo?

Wala Usukumani jambo hili si geni. Zama za ukoloni wakulima wa pamba waliona kwamba mizani za wanunuzi haziwatendei haki. Hawakungoja darasa la kusoma mizani. Waliweka watu wao wasimame kando yake. Katika harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, vilikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions.

Kompyuta iingiapo leo katika chama cha msingi cha ushirika ni mizani nyingine: huandika uzito, hukata makato, huagiza malipo. Mizani ya kale angalau mshale wake ulionekana. Kusimama kando ya hii siku ya kuuza pamba hakufai kitu, maana hukumu imekwisha andikwa ndani ya programu miezi mingi nyuma, Dar es Salaam au mbali zaidi. Mkulima lazima awepo siku ya kuandikwa, si kama mgeni wa kupigwa picha, bali mwenye neno la kukataa. Na mwanafunzi wa kompyuta atumwaye kumtengenezea mfumo na aende kwanza Mwamanyili msimu wa kuchuma, akae mwezi mzima, achume pamba naye, kisha ajaribu vidole vyake mwenyewe juu ya kioo cha mashine.