Tuzo Si Malipo, Jamani!

Wadau, kuna jambo limenikaa kooni tangu Septemba 2024. Nimejaribu kulimeza, limegoma. Leo nalitema, na atakayechukia na achukie, hata kama ni ndugu yangu wa damu. Tena wengi watakaochukia ni ndugu zangu wa damu kweli kweli.

Swali ni rahisi tu. Hivi mtu anayepiga muziki kwenye harusi yako ni mfanyakazi au ni mgeni mwalikwa? Kama ni mgeni, mbona hukumpa kadi? Kama ni mfanyakazi, mbona humlipi?

Ngoja nianzie mwanzo. Mtoto wa baba mkubwa alikuwa anaoa kwetu Wampembe. Sisi tunaoishi Sumbawanga mjini tukaunda kamati, maana siku hizi hata kuku hachinjwi bila kamati. Mimi ni mwandishi wa gazeti, nina digrii na kompyuta, basi nikapewa ukatibu. Ukiwa msomi kwenye ukoo, ukatibu huukwepi.

Kwa asiyeijua Wampembe: iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi. Ukitoka Sumbawanga, huko juu kwenye uwanda wa Ufipa ambako watu wanatembea na masweta, unaipita Chala, unaikamata barabara ya Kitosi, halafu unaanza kushuka. Mpaka unafika ziwani umeshuka karibu mita 1,000 na sweta liko begani. Zamani kulikuwa na njia nyingine ya majini, MV Liemba ile ya Mjerumani iliyoundwa 1913, lakini wakati wa harusi hii ilikuwa imeshasimama miaka mingi ikisubiri ukarabati. Kwa hiyo ni barabara, na vumbi lake.

Bwana harusi alikuwa na ombi moja tu. Alitaka fidla. Aliisikia kwenye harusi fulani Dar es Salaam, bibi harusi akiingia taratibu, akasema na yeye mkewe ataingia hivyo hivyo. Kamati ikacheka. Mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya Wazungu.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuaji. Nikawaambia fidla ni yetu siku nyingi. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim mpaka Cairo kujifunza muziki. Nadi Ikhwan Safaa wameanza 1905, Culture Musical Club wako tangu 1958, na ukitazama taarab asilia huwezi kuzikosa fidla zimepangwa mstari. Na taarab hiyo imelelewa wapi kama si kwenye maharusi? Kamati ikanyamaza. Nikaona nimeshinda.

Nilikuwa na mtu wangu. Tulifahamiana nikiwa chuo Dar. Fidla alijifunzia Zanzibar, na mjini anaishi kwa harusi. Hana bendi, hana bosi, hana mshahara. Simu ikilia anabeba boksi lake anakwenda. Wiki ile alikuwa na harusi Mbeya, nikampigia, tukaelewana shilingi 400,000, nikamtumia 100,000 ya utangulizi. Laki tatu zilizobaki atamaliziwa "huko huko".

Wadau, muogopeni sana huyu "huko huko". Nitamrudia.

Sasa tazameni bajeti yetu, maana niliiandika mimi. Mapambo yalilipwa yote kabla kitambaa hakijapanda kwenye gari. Bia na soda zililipwa taslimu dukani. Keki ililipwa yote, tena mwokaji alikataa kuiwasha jiko lake mpaka aone ujumbe wa pesa kwenye simu. MC, yule tunayemwita msema chochote, alidai nusu na akapewa nusu. Muziki? Muziki ukawekwa mstari wa mwisho, chini ya "mengineyo". Mimi ndiye niliyeuweka pale kwa vidole vyangu hivi hivi.

Jamaa alifika Alhamisi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua boksi na kuguna. Fidla ni mbao. Ukiitoa kwenye baridi ya Sumbawanga ukaiteremsha kwenye joto na unyevu wa ziwani, vile vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kukwama, na sauti yote inahama. Usiku ule alikaa nje anakaza, anasikiliza, anakaza tena. Uzi mmoja ukakatika. Akatoa wa akiba, akaniambia ndio wa mwisho na hauuzwi Sumbawanga nzima. Ijumaa asubuhi mpaka jioni akawa na bwana harusi na simu yake, akiusikiliza wimbo waliouchagua na kuutafuta kwenye nyuzi, maana hakuna aliyempa maandishi yoyote.

Jumamosi mambo yakawa mambo. Katikati ya sherehe jenereta likazima. Petroli ilikuwa imeisha na aliyetumwa kuifuata alikuwa amekaa mahali anakunywa. Maspika kimya, DJ kimya, hata msema chochote hakuwa na la kusema. Watu wakaanza kunyanyuka. Jamaa akasimama, akaweka fidla begani, akapiga. Alipiga karibu dakika 40 bila kupumzika, wavuvi wakaleta karabai zao zile za kuvulia dagaa, watu wakarudi kwenye viti. Mama zangu wadogo wakaanza kumtuza. Noti za 500, za 1,000, za 2,000, mpaka bibi yangu naye akanyanyuka na fimbo yake. Shangazi akawa anaziokota na kuziweka kwenye ungo.

Usiku wa manane kamati ikakaa kufunga hesabu. Jamaa akaja, akasalimia wazee, akasimama pembeni kwa adabu. Mweka hazina, ambaye ni mjomba wangu, akauliza:

"Kwenye ungo kuna ngapi?"

Shangazi akasema 87,000.

"Basi hizo ni zake. Kwenye laki tatu toa hizo."

Yaani, wadau, tuzo aliyopewa na bibi yangu mwenye fimbo ikageuka kuwa sehemu ya deni la kamati! Bibi akawa amechangia harusi mara mbili bila kujua.

Haikuishia hapo. Ikasemwa mfuko umepungua, ziwa lilifungwa miezi 3, na ni kweli, serikali ilizuia uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule ili samaki wazaliane. Michango ya wavuvi haikutimia. Kwa hiyo apewe 150,000 na kiroba cha dagaa, "ni kijana mwenzetu, ataelewa". Mjomba akanigeukia: "Au vipi, katibu?"

Nikasema, "Sawa, mjomba."

Hilo ndilo limenikaa kooni. Mjomba alikuwa anatetea mfuko wa ukoo. Mimi nilikuwa namjua yule mtu, ndiye niliyempigia simu, na mdomo wangu ndio ulioahidi. Nikasema sawa.

Sasa tuzichambue hizi hoja zenu moja moja, maana nimezisikia Wampembe, nimezisikia Sumbawanga, na Dar ndiyo nyumbani kwake.

Hoja ya kwanza: "Kwani amefanya kazi gani? Saa moja tu!" Haya, tuhesabu. Jumatano safari ya Mbeya hadi Sumbawanga. Alhamisi Wampembe. Ijumaa mazoezi. Jumamosi harusi. Jumapili kupanda mlima kurudi. Jumatatu na Jumanne basi na uchovu mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,000. Siku 7. Laki nne kwa siku 7 ni kama 57,000 kwa siku, kabla ya uzi uliokatika. Kwa tulichompa, laki mbili na nusu, ni kama 35,700. Na Jumamosi ile hakuna harusi nyingine angeweza kupiga. Mwaka una Jumamosi 52 tu. Ondoa za Kwaresma, ambapo harusi za Wakatoliki hukaribia kukoma, ondoa na Ramadhani, halafu uniambie mtu wa namna hii anakula nini.

Hoja ya pili: "Amepata tuzo." Tuzo ni shukrani ya msikilizaji kwa mpigaji. Kamati haikuitoa, basi kamati haiwezi kuihesabu. Pwani, ambako kutunza kumeota mizizi, kikundi kinakodiwa kwa bei na tuzo inakuja juu yake. Ukimpa mhudumu wa hoteli mia tano ya soda, je, mwenye hoteli aikate kwenye mshahara wake? Mngeandamana!

Hoja ya tatu: "Anapenda anachofanya." Mwokaji keki naye anapenda keki. Padri naye anaipenda misa, na sadaka tunatoa.

Hoja ya nne, tamu kuliko zote: "Atapata jina." Jina halipandi basi. Kondakta wa basi la Dar hajawahi kukubali nauli ya jina.

Hoja ya tano: "Hatukuandikiana." Jamani wasomi wenzangu, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba maneno ya mdomo ni upepo. Makubaliano ya mdomo kati ya watu wazima wenye hiari yanaweza kuwa mkataba kamili. Tatizo ni kwamba mpiga fidla wa Dar hawezi kukaa Nkasi wiki tatu akisubiri Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya 150,000. Mnalijua hilo, ndiyo maana mnamfanyia. Mkulima wa Laela mngemlipa mahindi yake yote, maana kesho yuko mlangoni kwenu.

Nisiwaonee kamati peke yao. Wapigaji nanyi mna yenu. Mnakubali "huko huko" kwa aibu ya kuonekana mna njaa. Wengine mnachukua harusi mbili siku moja na mnafika ndafu imebaki mifupa. Mwokaji keki aliona pesa kwanza na hakuna aliyemwita mroho. Jifunzeni kwake.

Nami nina jingine la kukiri. Kabla sijaajiriwa nilikuwa koresponda, yule mwandishi anayelipwa kwa habari iliyochapishwa. Unapanda lori hadi kijijini, unalala huko, unatuma habari, unaambiwa nzuri sana, itatoka. Haitoki. Au inatoka imekatwa nusu na malipo nayo yamekatwa nusu. Nililalamika miaka miwili kwa kila aliyekuwa na masikio. Nilisema kumlipa mtu sifa badala ya pesa ni wizi wenye tabasamu. Halafu siku nilipopewa mimi kalamu na daftari la hesabu, nikafanya yale yale. Ndugu zangu, haki tunaipenda sana ikiwa sisi ndio tunadai!

Basi mapendekezo yangu ni haya, na hayahitaji semina wala posho. Muziki uandikwe juu ya mapambo kwenye bajeti. Nusu ilipwe kabla mpigaji hajapanda gari, na nauli iwe fungu lake, kwenda na kurudi. Makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, saa, kiasi, basi. Salio lilipwe kabla ya keki kukatwa, wakati mweka hazina bado anaona herufi. Na ungo wa tuzo usiguswe na mtu yeyote wa kamati. Kama pesa hazitoshi, punguzeni kreti za bia, au mwambieni mtu ukweli mapema akatae mwenyewe.

Miezi miwili baada ya harusi nilimtumia jamaa ile 150,000 yake, kwanza 80,000, halafu 70,000, kutoka kwenye mshahara wangu mwembamba. Nilitegemea kusifiwa, nisiwafiche. Akajibu: "Asante kaka. Ila hii ni pesa yako. Ile ya harusi bado."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Ana haki. Nilinunua usingizi wangu tu, deni la kamati liko palepale. Kwa hiyo mjomba, shikamoo, ukisomewa haya usikasirike: ukoo wetu unadaiwa 150,000, na kiroba cha dagaa hakikulifuta deni hilo.

Kuna harusi nyingine inakuja kwenye ukoo na nimeshapewa ukatibu tena. Safari hii muziki nimeuandika mstari wa pili, chini ya mahari.

Nawasilisha.