Dorkasi Aligawa, Lidia Aliuza



Mwezi huu napenda tuzungumze na wale akina mama ambao mikono yao haitulii. Nawajua, nanyi mnajijua. Mama wa namna hii akikaa kwenye ibada ya jumuiya, jicho lake liko kwenye gauni la jirani na akilini ameshalikata upya. Vitambaa vya makochi nyumbani kwake havifanani na vya mtu mwingine. Akitia rangi batiki, watu wanauliza imenunuliwa duka gani. Huyu ni mbunifu, ingawa hana cheti ukutani. Siku moja wazo linamjia: kwa nini kazi hii isisaidie ada ya watoto?

Wazo hilo ni jema, wala si geni katika Maandiko. Soma Kutoka sura ya 31 na ya 35 uone jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya kubuni, na jinsi wanawake wenye ujuzi walivyosokota nyuzi kwa mikono yao. Tena yupo yule mke mwema wa Mithali 31, tunayesomewa kwenye kila sendofu. Tunasifu kuamka kwake alfajiri, kisha tunaupita haraka mstari wa 24, ambapo anatengeneza nguo za kitani na kuziuza. Na mstari wa 18 unatuonyesha kuwa anajua bidhaa yake ina faida. Maana yake mama huyu alipiga hesabu.

Ni katika hesabu ndipo wengi wetu tunapokwama, hasa kwa sababu wateja wetu wa kwanza ni wapendwa wenzetu wa kanisani.

Namfahamu mama mmoja aliyeuza kuku wake wa mayai akapata mtaji wa batiki. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Baada ya miezi minne ungeweza kusimama mlangoni mwa kanisa Jumapili na kuhesabu batiki zake zikiingia, lakini yeye hakuwa na fedha ya kununua kitambaa kingine. Daftari lake lilikuwa na majina 11, na kila mmoja alikuwa amemwambia, "Mpendwa, nitakuona mwisho wa mwezi." Mmojawapo alikuwa mke wa mzee wa kanisa. Utamdai vipi mke wa mzee wa kanisa? Nyumbani mumewe anauliza kuku wamekwenda wapi. Basi mama yule akahamia ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, ili asikutane na wadeni wake. Yeye ndiye anayedai, na yeye ndiye anayejificha!

Mnaona jambo hili si la fedha tu. Lilikuwa linaondoa amani ya nyumba, na kidogo kidogo lilikuwa linamtoa mtu kwenye ushirika.

Katika Matendo ya Mitume wapo wanawake wawili wa nguo, nami napenda tuwatazame kwa pamoja. Wa kwanza ni Dorkasi wa Yafa, sura ya 9. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Wa pili ni Lidia, sura ya 16, mwenyeji wa Thiatira, aliyekuwa akiuza bidhaa za zambarau kule Filipi. Nyumba yake ilitosha kuwapokea Paulo na wenzake. Dorkasi aligawa, Lidia aliuza, na Biblia inawaheshimu wote wawili. Sidhani kwamba nyumba ile ya Filipi iliendeshwa kwa kukopesha zambarau.

Kwa hiyo, kabla mkasi haujagusa kitambaa, amua: hii ni ya Dorkasi au ni ya Lidia? Kama ni zawadi, itoe kwa furaha, wala usiiandike popote. Kama ni bidhaa, ina bei, na bei hiyo ni moja kwa mke wa mchungaji na kwa mpita njia. Kinachotuharibia ni ile nguo ya aina ya tatu, ambayo mdomoni imeuzwa na moyoni mwa mnunuzi imetolewa bure. Ukitaka, tenga kabisa sehemu ya Dorkasi, labda kipande kimoja katika kila kumi, kwa ajili ya mjane au mzazi aliyejifungua hana nguo ya mtoto. Lakini utenge wewe mwenyewe, usitengewe na wateja.

Mama yule nilimshauri aache kabisa mali kauli. Madeni ya zamani aliyafuatilia mmoja mmoja, siku za kazi, nyumbani kwa mhusika, wala si kwenye uwanja wa kanisa. Wengine walilipa, wengine walitoa kidogo kidogo. Wawili aliona hawataweza, akafuta majina yao na kuwaambia kwamba ameyafuta. Sasa akipata mteja anasema hivi: "Dada, nikipata nusu naanza kazi, na nusu utaileta siku ya kuchukua." Nusu hiyo inatosha kununulia kitambaa na rangi, hivyo hata mteja asiporudi, mtaji haujafa. Wapo walionuna. Akina mama, mtu akinuna kwa sababu umemwomba alipe anachonunua, mwacheni anune, huku mkimsalimia kama kawaida.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe. Nitatoa mfano, nawe weka bei za sokoni kwako. Tuseme kitambaa cha pamba kwa kipande kimoja ni shilingi 10,000, rangi na dawa zake 4,000, nta 2,000, mkaa na maji 1,500, na nauli ukiigawa kwa vipande vyote ni 500. Jumla ni 18,000. Mama anauza 20,000 na kushukuru kwa faida ya 2,000. Lakini kipande kile kilimchukua saa sita: kuchora, kupiga nta, kutia rangi, kuchemsha nta itoke, kuanika, kupiga pasi. Gawa 2,000 kwa sita. Ni shilingi 333 kwa saa! Je, ungemwajiri binti wa watu kwa ujira huo bila aibu?

Muda wako ni gharama kama rangi ilivyo gharama. Ukiuhesabu kwa shilingi 1,500 tu kwa saa, saa sita ni 9,000, na kipande kimefika 27,000. Ongeza 3,000 za kukuzia mtaji, kwa sababu nta itapanda bei na ndoo itapasuka. Sasa bei ni 30,000. Ukiona soko lako haliwezi bei hiyo, usikimbilie kuipunguza. Tengeneza kitu kidogo zaidi. Foronya mbili zenye nakshi yako, au vitambaa vya meza, vinakula kitambaa kidogo na saa chache, na mtu anayekwenda kicheni pati akiwa na 15,000 mkononi atavinunua. Napendelea hata hivyo mama aanze na kitu kimoja, akifanye mpaka watu wakiite kwa jina lake, kuliko kuanza na magauni, mikoba, hereni na mapazia kwa mpigo.

Nimesema jina. Hili tunalidharau. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lilianza mwaka 1887, na hadi leo kanga zake zinajulikana kwa maneno yaliyochapwa pindoni: K.H.E. Mali ya Abdulla. Bibi zetu ambao hawakusoma hata darasa la kwanza waliitambua kanga ya Abdulla. Nawe basi shonea kipande kidogo chenye alama yako ndani ya pindo, hata kama ni herufi mbili za uzi mwekundu.

Tena weka kumbukumbu ya michoro yako, kila mmoja na tarehe yake. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 mwishoni, alitumia mbao za dari na rangi za kawaida za mafuta, vitu vya bei ndogo. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukaendelezwa na ndugu na wanafunzi wake, kisha ukachukuliwa na kila mwenye brashi. Ukienda leo kwenye maduka ya watalii utaona picha nyingi kwa mtindo wake, kutoka mikono isiyohesabika. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa uliyoibuni mwenyewe, na ofisi inayohusika ni COSOTA. Lakini utathibitisha vipi kwamba ni yako kama mchoro uliuchora kwenye karatasi ya maandazi ukaitupa?

Kuhusu ofisi nyingine sitakaa sana. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi inatoka TRA, na SIDO, ambayo ilianzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na hufundisha ujasiriamali na kazi za mikono. Nenda ukaulize, hawaumi. Ipo pia mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wametengewa 4. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024. Mimi kwa maoni yangu mkopo ni wa kukuza biashara inayotembea. Wa kuanzia, hapana. Anza na fedha ambayo ikipotea watoto bado watakula.

Mweleze na baba wa nyumbani tangu mwanzo, kwa tarakimu, daftari likiwa mezani. Fedha ya biashara ikae mbali na ya mboga. Kama unapokea malipo kwa simu, tafuta laini nyingine kwa kazi hiyo, maana laini moja ikilipiwa batiki asubuhi, jioni imenunua luku na unga, na mwezi ukiisha hakuna ajuaye faida ilikuwa ngapi.

Nimebakiza jambo moja, nalo kazi yangu ya uuguzi hainiruhusu kulinyamazia. Batiki inatengenezwa uani, mahali wanapocheza watoto. Kostiki inayotumika kuyeyushia rangi inaunguza ngozi, macho na koo. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Iweke kwenye chombo chake chenye alama, ndani ya kabati lenye kufuli. Unapochanganya, mimina kostiki kidogo kidogo kwenye maji. Usimimine maji juu ya kostiki, itachemka na kukurukia. Tumia ndoo ya plastiki, si sufuria ya aluminiamu, kwa sababu kostiki huila aluminiamu, na ndoo hiyo isirudi jikoni. Vaa glovu ndefu za mpira na miwani ya kukinga macho. Mtoto asiwe mgongoni. Ile dawa nyingine ya unga, haidrosalfaiti, itunze mahali pakavu na mfuniko ukiwa umefungwa, kwani ikipata unyevu inaweza kupata moto yenyewe, na moshi wake ni mbaya kwa mwenye pumu. Fanyia kazi nje, penye hewa.

Nta iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria yenye maji, usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Ikishika moto usimwagie maji. Funika kwa mfuniko na uondoe jiko ukiweza.

Kostiki ikimwagika mwilini, vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali. Ikiingia jichoni, fanya hivyo hivyo, jicho likiwa wazi. Usipake limau wala siki kwa kudhani vitaiua. Mtoto akiinywa, usimtapishe kwa namna yoyote, kwa kuwa ikirudi juu inaunguza koo mara ya pili. Mkimbize hospitali mara moja, na uchukue kile chombo uende nacho, ili daktari ajue ni dawa gani na ilikuwa kali kiasi gani. Hata akionekana amenyamaza na kulala vizuri, mpeleke. Jeraha la ndani halionekani, na likipona vibaya koo huwa jembamba, mtoto akashindwa kumeza ugali wiki kadhaa baadaye.