MAJI YA INJINI NA MAJI YA WATU



Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 kampuni ya General Motors ilitangaza kwamba kiwanda chake cha injini katika mji wa Flint, Jimbo la Michigan huko Marekani, hakitatumia tena maji ya mji. Sababu yake ilikuwa fupi: maji yale yalikuwa yakila chuma, na vipuri vya injini vilikuwa vikishika kutu. Kiwanda kikaruhusiwa kuchukua maji ya Ziwa Huron kwa bomba la jirani, na mji ukapoteza kama dola 400,000 kwa mwaka ambazo kampuni ilikuwa ikilipa. Lakini mfanya kazi wa kiwanda hicho aliyekaa mjini alipotoka zamu alirudi nyumbani, akafungua mfereji, akawapa watoto wake maji yale yale yaliyokataliwa kwa ajili ya injini. Aliendelea hivyo kwa mwaka mzima.

Twawaomba wanachama waifikirie sana habari hii, maana Flint si mji mgeni kwa watu wa vyama. Hapo ndipo wafanya kazi wa magari walipoketi ndani ya viwanda kuanzia tarehe 30 Desemba 1936 mpaka 11 Februari 1937, siku 44 za baridi kali, hata tajiri akakubali kuzungumza na chama chao. Watoto na wajukuu wa watu hao ndio walionyweshwa risasi. Hatusemi risasi ya bunduki. Twasema madini ya risasi, yale mazito, ambayo mtoto akiyapata tumboni huharibu ubongo wake, na hakuna dawa ya kuurudisha kama ulivyokuwa.

Jambo lilianza na fedha. Zamani General Motors ilikuwa na watu karibu 80,000 mjini Flint. Baadaye viwanda vikafungwa kimoja kimoja, watu wakahama, na hazina ya mji ikakauka. Serikali ya Jimbo ikaweka meneja wa dharura juu ya mji, mtu asiyechaguliwa na mtu ye yote pale, mwenye amri kuliko meya na halmashauri. Raia wa Michigan walikuwa wameikataa sheria ya mameneja hao kwa kura mwezi wa Novemba 2012. Mwezi uliofuata Bunge la Jimbo likatunga nyingine ya namna ile ile, na safari hii ikafungwa kwa namna ambayo wananchi wasingeweza kuipigia kura. Basi tarehe 25 Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji ukaachishwa maji ya Detroit ukapewa maji ya Mto Flint.

Maji ya mto si lazima yawe sumu. Mafundi wa maji walio katika chama chetu wanalijua hilo kuliko sisi tuandikao. Katika miji mingi ya zamani ya Marekani bomba dogo litokalo barabarani kuingia nyumbani lilitengenezwa kwa risasi. Maji yakitiwa dawa ya fosfeti, ndani ya bomba hujijenga ganda jembamba, na risasi hukaa nyuma yake. Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa dawa hiyo. Maji ya mto yalikuwa na chumvichumvi nyingi zaidi zinazokula chuma, na juu ya hayo hayakutiwa dawa hiyo hata kidogo. Ganda likamomonyoka, risasi ikashuka ndani ya kikombe. Wataalamu walikisia kwamba dawa hiyo ingegharimu kama dola 100 kwa siku. Dola mia moja kwa mji wa watu karibu laki moja!

Watu walilalamika tangu mwanzo. Walipeleka mikutanoni chupa za maji ya rangi ya chai. Walionyesha ngozi za watoto zilizotoka vipele. Wakaambiwa maji ni mazuri, na hati za kulipa maji zikaendelea kuja, nazo zilikuwa miongoni mwa ghali kabisa katika nchi ile. Mwezi wa Januari 2015 Jimbo likapeleka mitungi ya maji safi katika ofisi yake mjini Flint ili makarani wake wasilazimike kunywa ya mfereji, huku raia wa nje wakiambiwa wasiogope. Hatuwalaumu makarani hao, nao ni wafanya kazi na walistahili maji safi. Twauliza tu aliyetia sahihi kuagiza mitungi hiyo alikuwa akifikiri nini alipopita barabarani. Mwezi wa Machi halmashauri ya mji ilipiga kura kurudi kwenye maji ya Detroit. Meneja wa dharura akakataa, kwa kuwa ni ghali.

Ukweli ulitolewa na watu wasiokuwa na amri yo yote. Mama mmoja alidai maji ya nyumba yake yapimwe, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech wakiongozwa na Marc Edwards wakaja na vichupa vyao, na raia wenyewe wakagawana kazi ya kuvisambaza nyumba kwa nyumba. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akafungua vitabu vya hospitali yake, akaonyesha kwamba watoto wadogo wenye risasi nyingi katika damu walikuwa wamepanda toka 2.4 katika kila mia hadi 4.9. Wakubwa wa Jimbo kwanza wakasema amekosea. Baada ya siku chache wakanyamaza, na tarehe 16 Oktoba 2015 mji ukarudishiwa maji ya Detroit. Wakati huo watu 12 walikuwa wamekwisha kufa katika wilaya ile kwa homa ya mapafu ya Legionella, kijidudu kinachokaa katika maji.

Walioumizwa waliahidiwa dola milioni 626, na mahakama ikapitisha mapatano hayo mwaka 2021, sehemu kubwa ikiwa ya watoto. Wakubwa walioshtakiwa, pamoja na aliyekuwa Gavana, hawakufikishwa hukumuni: mwaka 2022 Mahakama Kuu kabisa ya Jimbo iliona njia iliyotumika kuwashtaki haikuwa halali, na kesi zikaanguka. Kazi ya kung'oa mabomba ya risasi ilitangazwa kwisha mwezi wa Julai 2025, karibu mabomba 11,000. Tokea mto mpaka bomba la mwisho ni miaka kumi na mmoja.

Wala haikuwa Flint peke yake. Benton Harbor, mji mdogo wa watu weusi kando ya Ziwa Michigan, maji yake yalionekana kuzidi kiwango cha risasi tangu 2018, na watu wakangoja mpaka vuli ya 2021 ndipo walipogawiwa maji ya chupa kwa wingi. Parchment, mji uliojengwa kwa kiwanda cha karatasi, uliambiwa mwezi wa Julai 2018 usinywe maji kabisa: yalikuwa na kemikali za PFAS zaidi ya mara 20 ya kipimo cha wakati huo. Huko Rockford kiwanda cha ngozi za viatu kilitumia kemikali hizo ili viatu visiingie maji, kikatupa taka zake mashimoni, na miaka mingi baadaye sumu ikatokea katika visima vya majirani. Wengi wa majirani hao walikula mshahara wa kiwanda hicho hicho. Twalisema hili kwa sababu tajiri hupenda kutuambia tuchague kati ya kazi na afya, na wengine wetu hukubali.

Je, yatuhusu nini sisi wa Kenya? Risasi tumekwisha kuionja. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliharibiwa nayo na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na ilibidi wangoje mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu iwarudishie fidia ya shilingi bilioni 1.3. Katika Bonde la Ufa visima vingi vina floraidi iliyozidi, na meno ya kahawia ya watoto wa huko ni ushahidi kila mtu auonao. Tena iko dhana moja ambayo twataka kuiondoa leo. Wengi hudhani maji yakichemshwa yamekuwa safi. Kuchemsha huua vijidudu, nayo ni kazi njema, lakini hakuondoi risasi wala floraidi. Maji yakipungua sufuriani, sumu hubaki pale pale na huzidi ukali.

Sheria tunayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 32, yamlazimisha tajiri kuwapa wafanya kazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Haisemi awape makarani wa ofisini mtungi na awaachie vibarua mfereji wa uani. Hata hivyo, katika mapatano mengi tunayotia sahihi, maji hutajwa kwa mstari mmoja baada ya viatu na makoti, kama yatajwa kabisa.

Kwa hiyo twaomba jambo moja kwa kila tawi. Wawakilishi wetu kazini waulize kwa barua: maji ya kunywa hapa yatoka wapi, yalipimwa lini, yalipimwa na nani, na cheti kiko wapi? Waulize pia kama meneja hunywa hayo hayo. Jibu likija, libandikwe ukutani palipo na mfereji ili kila mtu alisome. Lisipokuja katika siku kumi na nne, nakala ya barua iletwe kwetu ofisini, nasi tutaipeleka kwa mkaguzi wa kazi na kuiweka mezani katika mazungumzo ya mapatano yajayo, juu ya orodha, kabla ya viatu na makoti.